UWANJA WA WOTE HAUUZWI



Leo hatuandiki habari ya bei ya coltan, wala habari ya barabara. Twataka kusema habari ya kitu ambacho wakubwa wanakicheka wakikisikia. Kitu hicho ni mahali pa kukaa: bustani ya watu wote, yenye mti na majani, ambapo mtu maskini anaingia bila kuulizwa jina na bila kutoa franka.

Jumapili moja baada ya misa nilitoka Mabanga pamoja na wajukuu wangu wawili. Mama yao alikuwa amewavika viatu vya Jumapili. Yule mdogo akaniambia, "Babu, twende tukacheze kwenye majani." Nikasema ndiyo, kwa kuwa mzee hapendi kumwambia mtoto hapana siku ya Jumapili. Tukatembea. Kando ya njia tuliona mawe meusi ya volkano, maduka, kuta, vumbi, na nyumba zilizosongamana mpaka ukingo wa barabara. Tukafika kwenye rond-point ya Chukudu. Pale, tangu mwaka 2009, imesimama ile sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu anayesukuma mzigo wake. Watoto wakafurahi. Lakini magari na pikipiki vinaizunguka pande zote, na mtoto hawezi kucheza katikati ya magurudumu. Nikafikiri moyoni: msukuma chukudu amejengewa sanamu, lakini yeye mwenyewe akichoka hana pa kukaa.

Basi tukashuka kuelekea ziwa. Nani hajui ya kuwa Mungu ametupa Ziwa Kivu? Lakini tulitembea muda mrefu tukiwa na ziwa upande mmoja na hatukuliona. Tuliona kuta. Tuliona malango ya chuma. Penye lango moja lililokuwa wazi tulichungulia, tukaona majani mabichi yamekatwa vizuri, na viti, na maji yanang'aa nyuma yake. Mlinzi akaja.

"Papa, munatafuta nani?"

"Hatutafuti mtu, kijana wangu. Watoto wanataka kuona maji."

"Papa, munisamehe. Hapa ni kwa wenye kulipa. Mukinunua kinywaji, munaweza kuingia."

Nikauliza bei ya fanta tatu. Ilikuwa ni chakula cha nyumba yetu cha siku nzima. Yule kijana aliona uso wangu akaona haya, akaniambia kwa sauti ya chini, "Na mimi pia, Papa, ninaona ziwa wakati wa kazi tu. Siku ya kongé siingii." Tulimshukuru tukaondoka. Tukaishia Kituku, penye mitumbwi na wamama wanaochota maji, na wajukuu wangu wakacheza katikati ya bidoni za manjano mpaka viatu vya Jumapili vikajaa matope.

Hatumlaumu mlinzi. Yeye anatafuta ugali wake. Twauliza swali kubwa zaidi: ni nani aliyegawa ziwa? Aliligawa siku gani, kwa ruhusa ya nani, na mbona sisi hatukuitwa siku hiyo?

Wazee wetu wanajua ya kuwa jambo hili halikuanza leo. Mbelgiji alipojenga miji ya Kongo alijenga miji miwiwili, mmoja wa Wazungu na mmoja wa weusi. Katikati yake, kule Léopoldville na Élisabethville, aliacha ardhi tupu akaiita zone neutre. Kule Léopoldville aliweka ndani ya ardhi hiyo uwanja wa gofu na bustani nzuri. Bustani ile haikuwekwa ili mtu mweusi apumzike. Iliwekwa ili asikaribie. Na jua likizama, mtu mweusi aliyeonekana usiku katika mji wa Wazungu bila karatasi alikamatwa. Ndiyo maana baba zetu walipodai Uhuru hawakudai bendera tu. Walidai kutembea katika mji wao wenyewe bila kuulizwa, "Wewe unakwenda wapi?"

Hapa kwetu Kivu jambo lilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1925 mfalme Albert alitia sahihi, na nyuma ya migongo yetu ikazaliwa Parc Albert, mbuga ya kwanza ya taifa katika Afrika. Tangu mwaka 1969 yaitwa Virunga. Ina zaidi ya kilomita za mraba 7,700, na wageni wamevuka bahari na kulipa mamia ya dola ili kumwona gorila. Sisi hatuna ugomvi na gorila. Aishi, azae, alindwe. Lakini hebu fikirini: gorila amewekewa mpaka, sheria na askari wa kumlinda, na askari wengi wamekufa katika kazi hiyo. Mtoto wa Majengo yeye hana hata mita hamsini za majani zilizoandikwa ya kuwa ni zake.

Sasa nawageukia ninyi, ndugu wachimbaji. Msiseme, "Hayo ni mambo ya watu wa mji, sisi twakaa milimani." Mambo haya ni yenu kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Mnakumbuka mwaka 2000, bei ya coltan ilipopanda ulimwenguni kwa ghafula? Watu walikimbilia mashimo ya Masisi na Walikale, wengine wakiacha mashamba na shule. Mawe yalishuka milimani kwa migongo ya watu na kwa ndege ndogo. Nchi ilikuwa imekatwa vipande kwa vita, na Goma palikuwa makao ya RCD. Fedha zilikwenda wapi? Wengi wa waliochimba hawakuziona. Walioziona walijenga. Nyumba za ghorofa zikaota kama uyoga, kuta zikapanda, na mahali pazuri kando ya ziwa pakapata wenyewe. Basi lile lango la chuma tulilosimama mbele yake Jumapili, na kuta zote za namna ile, jasho lililozijenga ni la nani? Mchimbaji ametoa jiwe shimoni. Jiwe limekuwa dola, dola imekuwa ukuta, na ukuta unamzuia mchimbaji yule yule asione maji anaposhuka mjini siku mbili kupumzisha mgongo wake. Huku ndiko kunyonywa mara mbili.

Na akishuka mjini, anakwenda wapi mchimbaji? Anakwenda nganda, kwa sababu nganda ndipo penye kiti. Kisha wanasema wachimbaji ni walevi, fedha yao haikai! Mtu asiye na pa kukaa isipokuwa penye chupa, mnataka afanye nini?

Tutaambiwa, "Ardhi imekwisha nunuliwa, watu wana setifika." Basi na tufungue sheria. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema waziwazi, katika kifungu cha 53, ya kuwa udongo wa nchi ni mali ya Serikali peke yake na hauwezi kutolewa ukawa mali ya mtu. Kifungu cha 55 kikasema ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya watu wote ni mali ya umma. Na kifungu cha 56 kikasema ardhi ya namna hiyo haiwezi kupewa mtu yeyote maadamu haijaondolewa katika matumizi ya umma kwa njia ya haki. Sheria hiyo haikuandikwa na wapinzani. Iliandikwa wakati wa Mobutu, na hata Mobutu alijua ya kuwa uwanja wa wote si parseli ya mtu. Katiba ya mwaka 2006 nayo, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya yanayomfaa akue. Maneno yapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuyasimamia.

Bendera zimepita juu ya mji huu. Ilipita ya mfalme, ikapita ya Zaire, wakapita RCD, ikarudi Kinshasa, ukaja utawala wa kijeshi wa Mei 2021, na mwezi wa Januari 2025 mji ukaanguka mikononi mwa M23. Mwenye kukaa ofisini hubadilika, lakini ukuta haubadiliki, na mtoto wa Birere anabaki nje yake. Kwa hiyo hatumsemeshi mtu mmoja wala bendera moja. Twamwambia yeyote aliyeshika, anayeshika na atakayeshika muhuri wa mji: kiwanja cha watu si zawadi ya kuwapa jamaa na makamanda.

Wapo watakaotucheka. "Watu wanakufa kwa vita na njaa, ninyi mnataka maua?" Swali hilo ni la haki, na twalijibu.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka. Moto ukashuka ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, ukala nyumba na maduka, na watu wapatao 120,000 wakabaki bila makazi. Tarehe 22 Mei 2021 ikapasuka tena. Safari hii moto ulisimama Buhene, mlangoni mwa mji, lakini ardhi ikatetemeka siku nyingi mfululizo, kuta zikapasuka, na watu wakaogopa kulala ndani. Walilala nje. Nje wapi? Barabarani, kandokando ya maduka, katika viwanja vya shule na vya makanisa, popote palipokuwa na mbingu juu na pasipokuwa na ukuta wa kuwaangukia. Kisha tarehe 27 Mei wakaamriwa kuhama, na maelfu kwa maelfu wakashika njia ya Sake. Na vita vilipofika, waliokimbia vijiji vya Masisi na Rutshuru walilala wapi usiku wa kwanza? Ni katika viwanja vile vile. Ndugu, katika mji ulio chini ya volkano, uwanja mtupu si maua. Ni mlango wa kutokea. Anayeuza uwanja wa shule leo anawauza watu watakaokosa pa kukimbilia kesho.

Tena iko sababu nyingine, nayo ndiyo wakubwa wanayoiogopa. Mahali pa wote ndipo watu wanapoonana na kusemezana. Mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière kule Élisabethville waligoma wakidai mshahara unaotosha. Hawakuwa na bunge wala ukumbi. Walikusanyika katika uwanja wa mpira, na tarehe 9 askari wakawapiga risasi pale pale, wakaanguka watu makumi, na mmoja wao ni Léonard Mpoyi aliyewasemea wenzake. Tarehe 4 Januari 1959, kule Léopoldville, mkutano wa ABAKO ulizuiliwa. Watu walikataa kurudi nyumbani, waliotoka kutazama mpira wakajiunga nao, na mji ukalipuka. Mwaka mmoja na nusu baadaye, tarehe 30 Juni 1960, Mbelgiji alikuwa amekwisha kutoa Uhuru. Msomaji, angalia vizuri: mtawala anayetunyima pa kukutana hafanyi hivyo kwa kukosa ardhi. Anafanya hivyo kwa kuwa anajua watu wakikaa pamoja chini ya mti mmoja watahesabu mambo yao.

Wengine watasema, "Mwenye fedha hashindwi, hakuna uwanja uliopata kuokolewa katika Afrika." Si kweli. Wafanyabiashara wetu waendao Nairobi kufuata mizigo wanaijua Uhuru Park, katikati ya mji, iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Mwaka 1989 wakubwa wa chama cha KANU walitaka kujenga humo jumba la ghorofa 60. Mama mmoja, Wangari Maathai, akasimama. Hakuwa na bunduki. Alikuwa na kalamu. Aliandika barua kwa ofisi hii na ofisi ile, ndani na ng'ambo, akiuliza: bustani ya wananchi mnaijengaje? Alitukanwa hata bungeni. Lakini waliotaka kutoa fedha za ujenzi wakaona aibu, wakarudi nyuma, na jumba halikujengwa. Miaka 21 baadaye, tarehe 27 Agosti 2010, Wakenya walikusanyika katika majani yale yale kushuhudia Katiba yao mpya ikitiwa sahihi. Kama jumba lile lingalijengwa, wangalisimama wapi?

Na si kwa mbuga kubwa tu. Katika mji huo huo iko bustani ndogo, Jeevanjee, ambayo Mhindi mmoja wa jina hilo aliwapa watu mwaka 1906. Mwaka 1991 ilitakiwa igeuzwe mahali pa kuegesha magari. Zarina Patel, mjukuu wa mtoaji, pamoja na wananchi wakapiga kelele, nayo ikabaki. Bustani ile ni ndogo. Mtu huikata kwa dakika chache. Lakini mtembeza bidhaa aliyechoka, kijana anayetafuta kazi, na mhubiri mwenye Biblia yake, wote hukaa humo, na hakuna anayewauliza watanunua nini.

Basi wenzetu wameweza. Lakini kabla hatujamnyoshea mwingine kidole, tujiangalie. Ni nani aliyenunua kipande cha uwanja wa shule kwa bei ya chini, usiku, kwa karatasi yenye sahihi mbili na muhuri mmoja? Mara nyingi ni mmoja wetu. Mchimbaji amepata bahati shimoni, ameshuka na fedha, na mtu amemwambia, "Ndugu yangu, kuna nafasi nzuri, fanya haraka." Akalipa. Fedha ya miaka mitano imewekwa juu ya ardhi ambayo sheria inasema haiwezi kupewa mtu. Siku ubomozi ukija, mwuzaji hayuko, sahihi haijulikani ni ya nani, na mchimbaji anarudi shimoni kuanza upya. Kwa hiyo twakuonya kama ndugu: kabla ya kununua, uliza majirani wazee, "Hapa zamani palikuwa nini?" Wakisema palikuwa uwanja wa mpira, au soko, au kiwanja cha shule, funga mfuko wako uende zako. Kutonunua ni silaha. Wezi wa viwanja wakikosa wanunuzi, biashara yao imekufa.

Sasa twadai nini? Twadai mambo manne, wala si makubwa.

La kwanza, kila ofisi ya komini, ya Goma na ya Karisimbi, ibandike ukutani orodha ya viwanja vyote vya umma vilivyomo, pamoja na vipimo vyake, ili kila mtu asome. Kinachojulikana na wote ni vigumu kuibwa usiku.

La pili, mji huu una kartye 18. Twataka viwanja 18, kila kartye kimoja, vyenye miti, maji na mabenchi. Visiwe na lango la kulipia.

La tatu, zifunguliwe njia za miguu mpaka ziwani, ili mtu wa Katoyi na mtu wa Ndosho wafike majini bila kununua kinywaji. Hatusemi nyumba za watu zivunjwe kwa hasira. Twasema maji ya Mungu yawe na njia ya watu.

La nne, kusiuzwe tena hata hatua moja ya uwanja wa shule, wa hospitali au wa michezo, na waliokwisha kuuza waitwe mbele ya haki, hata wakiwa ni wa kwetu.

Na sisi wananchi tuna kazi yetu. Hatuwezi kudai bustani kisha tuigeuze jalala. Kila avenyu ichague watu wa kulinda mahali pake. Wazee waandike wanayoyakumbuka juu ya kila kiwanja, kabla hawajaondoka na kumbukumbu zao. Vijana wapande miti. Udongo wetu wa volkano unaotuumiza miguu ndio huo huo unaolisha migomba na maharage ya milimani, na hautakataa kulisha mti wa kivuli. Mkutano wowote wa mtaa na uanze na swali moja: uwanja wetu uko wapi?

Wajukuu wangu bado wananiuliza ni Jumapili gani tutakwenda tena kwenye majani. Nimewaambia wangoje kidogo. Lakini naona haya kuwaambia wangoje, kwa kuwa baba yangu naye aliniambia ningoje, siku zile za Mbelgiji, na sasa nina mvi. Ndugu wachimbaji, ndugu wananchi, tusiwarithishe watoto neno hilo.

Uwanja wa wote hauuzwi. Ziwa la wote halifungwi. Uhuru!